Mashine Moja kwa Mapacha Wawili

Mnisamehe kwa mwandiko huu. Shule niliishia darasa la nane, na tangu hapo kitu nilichokiandika sana ni jina langu kwenye kadi za kliniki. Tena hapa kwetu tunachanganya l na r, kwa hiyo mkikuta moja imekalia kiti cha nyingine mjue kosa ni langu. Naandika polepole, maharagwe yakiwa motoni. Aliyeniambia niandike kwenye kijarida hiki cha wazazi ni muuguzi wa kliniki ya masikio. Alisema, "Wewe huongei, basi andika. Kuna mama mwingine amekaa kwa hiyo benchi sasa hivi na hajui kitu." Ni kweli siongei. Hata kanisani nikiambiwa niwasalimie watu, ninainuka, ninatabasamu, ninakaa.

Naishi upande wa Matete, nyumbani kwa kina mume wangu. Yeye anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha sukari guru, na akirudi jioni hata shati lake linanukia utamu. Boma letu ni moja na la mama yake, ambaye watoto wanamwita kukhu, yaani nyanya. Watoto wangu ni wawili, mapacha, wasichana. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina, wanakuja nayo. Aliyetangulia ni Mukhwana, aliyefuata ni Mulongo.

Kukhu alinifundisha sheria za mapacha kabla sijapata nguvu za kusimama. Mgeni haji na kitu kimoja, analeta viwili. Ukimbeba huyu, umbebe na yule. Ukimgombeza huyu, yule naye apate lake. Akiugua mmoja, dawa analamba na mwenzake, hata kama ni tone tu. Mume wangu alikuwa akimtania mama yake.

"Sasa mama, siku mmoja akiolewa tutafanya nini?"

"Huyo bwana aje na ndugu yake," kukhu akamjibu.

Tulicheka, lakini kukhu hakuwa na mchezo. Kabla ya kumzaa mume wangu alizaa mapacha. Maziwa hayakutosha, kwa hiyo mmoja alichukuliwa na shangazi akalelewe Lumakanda. Aliyebaki akakataa kula, akafa. Yule wa Lumakanda akamfuata kabla mahindi ya mwaka huo hayajavunwa. Kukhu mwenyewe hajawahi kunisimulia. Ni mume wangu aliyenieleza, ili nisione sheria zile ni za bure.

Mapacha wangu walikuwa watulivu na watu walinisifu kwa hilo. Walipofika umri wa kusema hawakusema, na hakuna aliyeogopa. "Mapacha wanachelewanga," majirani waliniambia. "Wanaongeanga wenyewe kwanza." Na kweli walikuwa wanaongea, ila kwa mikono. Wakitaka ugali walijipapasa tumbo. Ishara yangu mimi ilikuwa kupiga bega, kwa sababu ya kubebwa mgongoni. Ya baba yao ilikuwa kulamba kiganja, kwa ajili ya ile sukari. Mambo mengine walioneshana vidole vichache tu, wakaanguka kwa kicheko, na mimi nikabaki nikiwatazama kama mgeni. Niliona ni jambo zuri. Bado naona lilikuwa zuri.

Siku moja wakati wa kuvuna miwa, gurudumu la trekta lilipasuka barabarani, karibu kabisa na ua wetu. Kuku walitawanyika. Kukhu aliangusha ungo wa mtama. Mimi nilijikuta nimelala kifudifudi karibu na choo. Nilipoinua kichwa niliwaona mapacha wameketi kwenye gunia lao, wanakula viazi. Hawakuwa wamegeuka. Mulongo aliponiona chini alidhani ninacheza, akaja akalala kando yangu.

Baada ya hapo tulianza safari za hospitali. Kakamega mjini walifungwa nyaya kichwani wakiwa wamelala, wakapimwa. Wakapewa vifaa vya kuvaa nyuma ya sikio kwa majaribio. Walivivaa kuanzia kupanda mpaka kupalilia. Hawakusikia kitu, na mara mbili nilivitoa kwenye chakula cha kuku. Tukarudi, tukapimwa tena, tukatumwa kliniki nyingine Eldoret. Kama ndiyo kwanza unaanza, nakwambia hivi: sehemu kubwa ya ugonjwa huu ni benchi. Beba uji. Beba leso mbili. Usione aibu kumwomba jirani wa benchi akushikie mtoto uende msalani.

Jirani yangu wa benchi alikuwa mama Mwislamu kutoka Mumias. Tulimwita Mama Swaleh.

"Salaam aleikum, mama. Hao ni wawili kweli ama ni macho yangu?"

Nikatabasamu.

"Na wewe ni bubu ama ni haya?"

"Ni haya," nikasema.

"Haya itaisha hapa. Kwa hii benchi utaulizwa mpaka siku uliyoota meno."

Mtoto wake alikuwa amefanyiwa upasuaji kitambo. Kitu kidogo cheusi kilining'inia nyuma ya sikio lake, na kutoka hapo waya ulikwenda kwenye kifungo cha mviringo kilichoshika kichwani chenyewe, kwa sumaku. Sehemu nyingine iko ndani, chini ya ngozi. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho.

"Swaleh, mwambie shangazi jina lako."

"Sitaki," akasema yule mtoto.

Mama Swaleh akanigeukia. "Umesikia? Nimelia miaka nisikie neno kutoka kwa mdomo wa huyu, na neno lenyewe ndilo hilo."

Nilirudi nyumbani na lile neno. Nikichota maji nilikuwa nikiwaza Mukhwana akiniambia sitaki, na Mulongo akiniambia sitaki, wote kwa pamoja, wakinikatalia kuoga.

Halafu wakapigwa picha za kichwa. Daktari alituita mimi na mume wangu, akaongea taratibu. Alisema ndani ya sikio kuna mshipa unaobeba sauti kuipeleka kwenye ubongo. Mukhwana anao. Mulongo hana, hakuumbwa nao. Mashine inaweza kumsaidia Mukhwana. Kwa Mulongo, sauti haitakuwa na njia ya kupita, hata afanyiwe upasuaji wa namna gani. Akauliza kama tuna swali. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mume wangu ndiye aliyeuliza.

"Daktari, hawa si ni mapacha. Huo mshipa wa huyu hauwezi kugawanywa?"

Daktari hakucheka. Alisema hapana, akavua miwani, akaifuta, akasema hapana tena.

Nyumbani kukhu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi hakuna atakayefanyiwa."

Mume wangu akamwambia, "Mama, huyu mmoja anaweza kusikia."

"Na mwingine atakaa wapi? Mimi nilipeleka mmoja mahali mwenzake hayuko. Unataka nikuoneshe makaburi?"

Wakanyamaziana, mama na mwanawe. Mwaka huo nilipika ugali mmoja na kuugawa sahani mbili, moja nikaipeleka nyumba ya kukhu na nyingine nikaiacha kwetu, kwa sababu hawakutaka kula mahali pamoja. Sikuwa na upande. Usiniulize ni kwa nini mama mtu hakuwa na neno. Nilikuwa nikimtazama Mukhwana naona kukhu ana roho mbaya. Nikimtazama Mulongo naona kukhu peke yake ndiye anayempenda. Kupalilia kukapita, kuvuna kukapita. Muuguzi alinipigia simu. "Mama, hatumtishi mtu. Lakini mtoto hujifunza sauti akiwa mdogo. Kila msimu ukipita, Mukhwana ndiye anapoteza."

Nilimpelekea kukhu simu, nikaweka sauti ya juu ili muuguzi arudie na kukhu asikie kwa masikio yake mwenyewe. Hilo ndilo nililoweza. Siku kadhaa zikapita. Halafu kukhu akaja jikoni kwangu nikikoroga uji.

"Nendeni," akasema. "Lakini chochote atakachofanyiwa huyu kwa nje, na yule afanyiwe. Akinyolewa, anyolewe. Akifungwa, afungwe. Mungu aone kwamba hatukubagua."

Kwa upande wa pesa, kanisa na jamaa walisimama na sisi. Hayo sitayaandika, wenyewe wanajua na Mungu anajua.

Siku ya upasuaji Eldoret, Mukhwana alinyolewa upande mmoja wa kichwa. Nilimweleza muuguzi ombi la kukhu, nikiwa nimeinamia mlango. Nilidhani atanikemea. Akaenda, akarudi na wembe na bendeji nyeupe, akamkalisha Mulongo kwenye kiti, akamnyoa upande uleule, akamfunga kichwa kwa utulivu kabisa. Mulongo alijigusa akakaa wima kama mtu aliyevishwa taji. Mukhwana alipoletwa, uso ulikuwa umevimba na jicho moja halifunguki. Alitapika. Alipojaribu kusimama aliyumba kama mlevi, maana waligusa mahali ndani ya sikio panaposimamisha mwili. Mulongo akashuka kitini na yeye akaanza kuyumba nyuma yake. Wazazi wa wodini walicheka, nami nikacheka nao.

Mashine haiwashwi siku hiyo. Kidonda lazima kipone kwanza. Katika kungoja huko mume wangu alichukua malapa meusi yaliyochakaa, akakata kipande cha umbo la kile kifaa, akakitilia waya na kifungo cha koti, akakifunga kwa kibanio cha nywele. Alikaa nacho jioni nyingi, akikichonga. Kilikuwa cha Mulongo.

Siku ya kuwasha, tulikaa sote kwenye chumba kidogo, Mukhwana magotini kwangu, Mulongo kwa baba yake, kila mmoja na kitu chake nyuma ya sikio. Mwenye kuwasha alikuwa kwenye kompyuta. Alibonyeza. Mukhwana aliacha kucheza. Mdomo ulipinda kwenda chini, macho yakajaa, akanishika nguo kwa mikono yote miwili na kulia. Watu wawili mle chumbani waliniambia ndiyo hivyo, mama, amesikia, wengi hulia. Mulongo alimtazama mwenzake. Akashika kile kipande cha malapa. Akapinda mdomo vilevile, akalia.

Nyumbani kukhu alitungoja njiani. Alipiga makofi nyuma ya migongo yao. Mukhwana akageuka, Mulongo akageuka. Kukhu akapiga kigelegele ambacho sijamsikia akipiga tangu nimeolewa pale. "Nimewaambia," akasema. "Mapacha hawagawanywi."

"Mama, Mulongo anamfuata tu mwenzake," nikasema.

"Usimnenee mtoto mabaya."

Habari ilienda Matete yote kwamba mapacha wa kwetu wamefunguka masikio. Watu walileta kuku, wawili wawili. Na kila aliyekuja aliita, na kila aliyeita aliwaona wote wawili wakigeuka. Hata mume wangu alianza kuamini. Hata mimi, kuna asubuhi nilizoamini. Nilijiambia madaktari ni watu. Siku moja Mukhwana alikuwa ameenda na baba yake dukani, na Mulongo alikuwa amekaa chini akichambua maharagwe. Nilisimama nyuma yake na sufuria na mfuniko wake. Nikagonga. Nikagonga tena kwa nguvu mpaka mbwa akaamka. Aliendelea kuchagua, mabovu huku, mazima huku, shingo imelegea, ametulia kabisa. Niliketi pale chini nikalia, na hakujua kwamba niko.

Ubaya ulikuwa mbele. Kwa vile watu waliamini kwamba Mulongo naye sasa anasikia, waliacha kumgusa bega wakitaka kumwita. Waliacha kumwonesha kwa mikono. Walimwita kwa mdomo, na asipokuja walikasirika. "Hii mtoto ako na kiburi," shangazi yao mmoja alisema. "Mwenzake anaitika, yeye anajifanya." Mukhwana naye alikuwa na mazoezi ya kusema kila siku, mimi na yeye, uso kwa uso, ba, ba, ma, ma. Mulongo alikuwa anakuja kujipapasa tumbo mbele yetu, anatulambia kiganja, anatuonesha kila alichojua. Mukhwana alikuwa akimsukuma kando ili aone mdomo wangu. Muuguzi aliniagiza nifanye hivyo, nisimwache atumie mikono tu, na sina lawama kwake. Lakini niliona kwa macho yangu yale maneno yao ya vidole yakipungua, moja moja, kama watu wanaohama.

Kisha shemeji yangu aliingia bomani na pikipiki. Mulongo alikuwa amechuchumaa njiani, mgongo kwake. Alipiga honi, akapiga tena, akiwa na uhakika atatoka. Alipoona hatoki alikata kona, akaanguka, na mguu wa pikipiki ukamkwaruza mtoto paja lote. Shemeji alinyanyuka akiwa mkali.

"Nimepiga honi mara ngapi? Si anasikia huyu?"

"Hasikii," nikasema.

Watu wote walikuwa wametoka. Kukhu alikuwa mlangoni pake. Sauti yangu ilikuwa ndogo, kwa hiyo nikasema tena.

"Hasikii. Hajawahi kusikia. Hatasikia. Anamwangalia mwenzake tu, na sisi tunamdanganya kwa kipande cha kiatu."

Nilimshika Mulongo, nikamtoa kile kibanio nyweleni. Alipeleka mkono nyuma ya sikio, akatafuta, akanitazama. Hakulia. Alinyoosha kiganja ili nimrudishie. Mukhwana alisimama pembeni akiona. Akang'oa mashine yake kichwani, sumaku na yote, akaja akaiweka kwenye mkono wangu juu ya kile kipande cha malapa. Kisha akaketi chini kando ya mwenzake, wakaanza kuongea kwa vidole.

Niliwaacha kidogo. Nilipomrudishia Mukhwana mashine alinipiga, akaniuma, na mume wangu akalazimika kumshika mikono. Nimewahi kushika mtoto akichomwa sindano. Hii ilikuwa zaidi.

Kukhu alikuja akakichukua kile kipande mkononi mwangu, akakigeuza geuza. Akasema, si kwangu wala kwa mtu mwingine yeyote, "Kumbe waligawanywa tumboni."

Yeye ndiye aliyempeleka Mulongo shule ya viziwi, ya bweni, msimu wa kupanda ulipofika. Alikataa mtu mwingine kumpeleka. Aliporudi hakula siku ile, na kila jioni alikuja nimpigie mlezi wa bweni. Swali lake lilikuwa lilelile.

"Amekula?"

"Amekula, kukhu. Amemaliza na akaongeza."

Ndipo naye anakula. Mulongo hakukonda. Mukhwana hakukonda. Mpaka leo kukhu hajaamini vizuri kwamba wote wawili wako hai, mmoja huku na mmoja kule. Na sasa akitaka kuongea na Mulongo anatembea mpaka alipo, anamgusa bega kwanza. Nasema hili ili mjue alibadilika, tena kwa umri wake.

Mukhwana anaenda chekechea hapa karibu. Anavaa mashine yake asubuhi, anaivua akilala. Anasikia mvua kwenye mabati na haipendi. Neno lake la kwanza lililo wazi halikuwa mama, wala sitaki. Lilikuwa "Longo." Alilisema akiwa amesimama mlangoni, akiangalia njia aliyopita Mulongo kwenda shule. Nilimfurahia, nikamrusha juu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia.

Likizo iliyopita Mulongo alikuja nyumbani na mikono mipya. Ni lugha ya ishara kamili, ya haraka, na uso wake unaongea pamoja nayo. Ananifundisha, na mimi ni mzito, anacheka. Alimfuata Mukhwana akamwambia habari ndefu. Mukhwana alitazama vidole vile, akanitazama mimi. Akajaribu kujipapasa tumbo, lile neno lao la zamani la ugali. Mulongo alifikiri ana njaa, akaenda akamletea kiazi.

Walicheza hivyo hivyo, karibu karibu. Siku ya pili Mulongo alikuwa anaelekea kisimani na kukhu. Mukhwana aliamka akaona anaachwa. Akakimbia mpaka uani, akaita, "Longo." Akaita vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Mulongo akaendelea kutembea. "Longo. Longo." Kukhu alikuwa ametangulia mbele na upepo ulikuwa ukivuma, hakusikia. Mulongo hakugeuka mpaka wakapotea kwenye miwa.

Mukhwana akarudi kwangu, akanishika sketi.

"Mama. Longo kasirika?"

Nilimwambia hapana. Akauliza, "Mbona?" Nikampa uji.

Ndiyo sababu hasa nimekaa na kalamu hii. Mengine nimewaandikia nyinyi, hili naandika kwa ajili yangu. Kama umelea wawili namna hii, mmoja akasikia na mwingine asisikie, ulimwambiaje huyu anayesikia? Ulimwambia akiwa na umri gani, kwa maneno yapi, au kwa mikono? Na yule mwingine ulimweleza nini kuhusu kile alicho nacho mwenzake kichwani? Pelekeni barua kwa kijarida hiki, watanifikishia. Shule zinakaribia kufungwa, na Mukhwana ameanza kuuliza Longo anakuja lini. Mniandikie kabla hajafika.